Herode wa Troyeville

Enzi zetu pale mtaani Troyeville (najua mtacheka, sijafika hata thelathini na tayari nasema enzi zetu), mchezo tulioupenda kuliko yote ulikuwa kufa. Mwalimu wetu alikuwa Papa Edwin, mzee Mwingereza aliyehamia kwa binti yake kule mtaa wa Observatory. Alitufundisha kulegeza magoti kwanza, halafu bega, kichwa mwisho, ili usiumie. Basi tukawa tunakufa ovyo mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, mikate mikononi, hadi mwenye duka akatutimua kwa ufagio.

Kufa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Jukwaani London alikuwa mfalme miaka na miaka. Kwenye filamu alikuwa jenerali, jaji, au daktari wa kuleta habari mbaya. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuchekesha. Siku tulipoangalia filamu yake nyumbani, alipigwa risasi hata bisi hazijaisha. Mama yangu, fundi cherehani, alilia kweli. Kesho yake Papa Edwin akabisha hodi na suruali ya kupunguzwa. "Papa," Mama akamwambia, "umefufuka bila kutuambia?"

Mwaka 2016 kanisa letu la Wakongo liliandaa mchezo wa Noeli. Wiki ya mwisho, baba aliyekuwa Herode, mlinzi wa usiku, akanyimwa ruhusa kazini. Mama akamwendea Papa Edwin. Akakataa. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba jioni moja London maneno yalimkimbia, akabaki amesimama mbele ya watu kama nguzo. Tangu hapo hakupanda jukwaani tena.

"Kwetu ukisahau, kanisa zima litakukumbusha," Mama alimwambia. "Simama nikupime kanzu."

Alijifunza Kiswahili chake jikoni kwetu, sombe ya majani ya muhogo ikichemka, mimi nikimsahihisha. Siku yenyewe akaingia na taji la karatasi ya dhahabu, na hata watoto wachanga wakanyamaza. Akanyoosha mkono, akanguruma: "Mtafuteni huyo mtoto, nimuoe!"

Kisha maman mmoja kwenye benchi la mbele akauliza: "Eeeh! Na mahari uko nayo?"

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Mimi nyuma ya pazia nilimwona amekauka, jasho likimtoka chini ya taji, nikajua ile jioni ya London imemrudia. Nikamnong'oneza kwa Kiingereza kwamba badala ya kumuua mtoto, ametangaza ndoa. Akageuka polepole, akamkazia yule maman macho ya kifalme.

"Kuua leo," akasema. "Kuoa kesho!"

Mchungaji aliteleza kutoka kwenye kiti. Papa Edwin alisubiri kicheko kiishe, nacho kikakataa kuisha. Baadaye, akila maandazi nyuma ya kanisa, macho yakiwa yamemlowa, aliniambia kwamba maisha yake yote watu walimpigia makofi, lakini hakuna aliyewahi kucheka. "Mwakani msinipe mfalme," alisema. Akapewa mwenye nyumba ya wageni, mzito wa usingizi, na hiyo ikawa nafasi yake kila Noeli hadi alipotuaga.

Siku hizi, Noeli ikifika, tunawekewa filamu ya kuzaliwa Yesu kwenye skrini kubwa. Wadogo zetu, ambao ukiwaita kwa Kiswahili wanaitika kwa Kizulu, wanatazama kwa jicho moja, la pili liko kwenye simu. Picha ni safi, hakuna anayekosea neno. Akina maman wa mbele bado wanamzomea Herode. Naye anaendelea tu kuongea, wala hageuki.