Kathure wa Gatitu apima hip-hop kwa visu vya waru

Saa moja asubuhi, Jumamosi, umande bado umelalia majani ya chai ya Giakanja, Tetu, na Kathure, mama mwenye mashine ya muziki, tayari ameshateremsha spika zake nne kutoka kwenye pikapu. Anazipangusa moja moja kwa kipande cha kanga kuukuu. Kisha anazivika vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe kwa kroshia, kama vile vinavyotandikwa kwenye makochi ya sebuleni. Kitambaa cha spika moja kubwa kina maua mekundu pembeni na neno "Karibuni" katikati.

"Spika ikiwa uchi inaogopesha wamama," anasema, akinyoosha pembe ya kitambaa. "Ukiivalisha, wanaiona kama mgeni amekuja na nguo ya kanisa."

Leo ni ruracio, siku ya kupeleka mahari. Wamuyu, binti wa boma hili, anachumbiwa na kijana anayeitwa Gatimu kutoka Kagio, kule Kirinyaga. Wageni wameambiwa wafike saa sita. Upande wa pili wa boma, chini ya turubai la buluu, wanawake wameketi kwenye viti vifupi wakimenya waru, yaani viazi, za kupondea mukimo, chakula cha viazi na mahindi. Maganda yanaangukia magunia, waru nyeupe zinaangukia ndoo za maji.

Kathure anasukuma kaseti ndani ya mashine. Haiangalii mashine. Anaangalia visu.

Hiyo ndiyo njia yake ya kupima muziki, na hakuna aliyemfundisha. "Wimbo ukianza, mimi naangalia mikono ya wale wanamenya," anaeleza. "Kisu ikishika mdundo na mwenyewe hajui, huo wimbo utakaa. Kisu ikikataa, huo ni wa kupita tu."

Kwa kipimo hicho, anasema, nyimbo za kanisa za matari zilipita siku ya kwanza. Rumba ilipita, tena visu vikawa na madaha. Za gitaa moja za wazee wa hapa Nyeri zilipita hata kabla mwimbaji hajafungua mdomo. "Disko nayo ilipita nusu. Visu zilifuata, lakini waru zilikatwa vibaya sana. Tulikula mukimo ya maganda."

Leo anapima hip-hop, muziki wa kufoka, ule ambao vijana wa miaka hii ya elfu mbili hawaugusi wakauachilia. Mdundo unaanza, kijana kwenye kaseti anamwaga maneno mbiombio kwa Sheng.

Visu vinasimama. Vyote. Wanawake wanaitazama spika iliyoandikwa "Karibuni" kana kwamba imewatukana.

"Kathure, hata waru zimekataa!" anacheka Mwalimu Barnabas. Huyu ni mwalimu mstaafu kutoka Bungoma, jirani wa Kathure mtaani Gatitu, ambaye huandamana naye kila sherehe kumsaidia kuvuta nyaya na, kama anavyokiri mwenyewe, kuonja nyama. "Hii kelele haifiki Krismasi. Mimi nimeona viatu vya soli ndefu vikija, vikaenda. Nimeona suruali pana za kufagia barabara zikija, zikaenda."

"Mwalimu, suruali pana zimerudi. Hukuona vijana wa stendi juzi?"

"Zimerudi kuaga."

Kathure anacheka pia, lakini anaitoa kaseti haraka na kuweka ya kwaya. Visu vinaanza tena. Ana sababu ya kuharakisha, na sababu yenyewe inamjia sasa ikiwa imebeba birika la chai.

Ni Mama Theuri, shangazi mkubwa wa Wamuyu na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Karibu kila kazi ya Jumamosi ya Kathure hutoka mkononi mwa kikundi hicho. Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada, mama huyu alimwita kando na kumwambia bila kuzunguka kwamba ile kelele ya vijana imewachosha. Leo atatazama. Ikiwaaibisha mbele ya watu wa Kagio, kikundi kitaanza kuita mashine ya muziki kutoka Karatina.

"Si nilikuambia?" anauliza Mama Theuri, akimimina chai.

"Uliniambia, mama. Nilikuwa najaribu tu."

"Jaribu kwa nyumba yako."

Mtu angeuliza, si aiache tu hiyo hip-hop? Kathure hutikisa kichwa. "Wenye wanaoa ni vijana, na wenye wananiita ni wamama. Nikikosa mmoja, sina kazi." Tena mwaka jana aliuza mtamba wake aliyemlea tangu akiwa ndama, akanunua spika mbili kubwa za besi kwa ajili ya muziki huo. Jirani zake walimwambia amebadilisha maziwa kwa kelele.

Kathure alizaliwa Nkubu, Meru. Alifika Nyeri mwaka wa 1984 akimfuata mumewe, Kithinji, dereva wa serikali. Aliuza maparachichi sokoni, akaosha vyombo kwenye harusi za watu. Huko ndiko alikomjulia Mzee Ngatia, aliyekuwa akikodisha mashine ya muziki. Siku moja mzee aliona jinsi mwosha vyombo huyu alivyokunja waya uliotapakaa uwanjani, akaukunja kama uzi wa kufumia, bila fundo hata moja. Kuanzia hapo akawa anamwita yeye. Alipozeeka alimwachia mashine, naye Kathure akailipia kidogo kidogo mpaka ikawa yake. Sherehe moja siku hizi humletea shilingi elfu tatu, na petroli ya jenereta hutoka humo humo.

"Ati mwanamke na spika!" anakumbuka. "Watu walikuwa wanauliza mwenye mashine ako wapi, na mimi nimesimama hapo."

Saa sita inapokaribia, wanawake wa boma wanaosha mikono, wanafunga leso na kuelekea langoni wakiongozwa na Mama Theuri. Kila mtu wa huku anajua kitakachofuata. Wageni wa mahari hawaingii hivi hivi. Lango hufungwa, akina mama wa ndani wakaimba kuwauliza wao ni nani na wanataka nini, na akina mama wa nje wakajibu kwa kuimba. Maneno hutungwa papo hapo. Upande utakaokatika wa kwanza, ukakosa la kuimba, umeshindwa. Wa nje wakikatika wataongeza zawadi, wa ndani wakikatika watafungua lango wakitaka wasitake. Na wakati wote huo mashine hunyamaza kabisa, kwa sababu lango hufunguliwa na sauti za watu.

Kathure anayajua haya yote. Kosa lake ni kuamini kwamba watu wa mahari watachelewa. "Nimefanya hii kazi miaka kumi na moja," anajitetea baadaye. "Sijawahi kuona wakifika saa yenye wameambiwa. Wakisema saa sita, wanakuja saa tisa na hadithi ya pancha."

Watu wa Kagio wamefika saa sita kamili. Wamekuja na mabasi mawili badala ya moja. Kutoka nyuma ya nyumba, alikoiweka mashine yake, Kathure halioni lango, na jenereta linalonguruma kando yake linameza kila sauti. Kwa hiyo anaona huu ndio wakati mzuri wa kujaribu besi, akina mama wakiwa mbali. Anaiweka upande wa pili ile kaseti ya vijana, upande wenye mdundo mtupu usio na maneno, na kuongeza sauti.

Langoni, Mama Theuri yuko katikati ya ubeti wa pili. Ardhi inatetemeka. Anageuza shingo na macho yake yanasema yote, lakini mdomo hauwezi kusimama. Akisimama amekatika, na akikatika lango litafunguliwa mbele ya mabasi mawili.

Basi anaendelea. Sauti yake inatafuta pa kushika, inayumba kidogo, kisha mguu wa kulia unaanza kupiga chini, na maneno ya Kikikuyu yanaukalia mdundo. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

"Nyinyi wa viatu vya vumbi, njia mmeonyeshwa na nani?
Binti wetu kalelewa kwa maziwa, kwapani mmebeba nini?"

Wanawake wa nje wamezoea kujibu polepole, kwa kuvuta. Wanatazamana. Kiongozi wao anafungua mdomo, mdundo unampita. Anajaribu tena, unampita tena. Ndani vigelegele vinaanza. Ndipo akina mama wa Kagio wanapomshika begani Nehemiah, rafiki wa Gatimu, kijana anayeuza mabati dukani, na kumsukuma mbele.

"Wewe si huwa unapayuka hii kitu dukani siku nzima? Jibu!"

Nehemiah anakohoa, anavua kofia mbele ya lango lililofungwa, na kujibu, akimwita Mama Theuri cucu, yaani bibi:

"Cucu, tumetoka Kagio, mchele tumebeba gunia,
Viatu vina vumbi kweli, ni mbali tulikoanzia.
Ukitufungia leo, kesho tutarudia,
Na jina la Wamuyu hapa nje tutaliimbia."

Boma linalipuka. Hata wazee wanatoka nje na vikombe vyao vya chai. Mama Theuri hapoi. Anamjibu kwamba mchele hauna ladha bila mpishi, na mpishi hatoki bure. Kijana anaongeza leso. Mama anauliza leso moja ni ya nani, na shangazi wako wangapi. Wakati huo Kathure amekwishakimbia kutoka nyuma ya nyumba, amefika kona, ameona, na sasa amesimama mikono kichwani.

"Nizime?" anamuuliza Mwalimu Barnabas.

"Ukizima sasa," Mwalimu anamwambia, bila kuondoa macho langoni, "utamkata Mama Theuri mbele ya wageni."

Nehemiah ndiye anayekatika, kwa kicheko. Zawadi zinaongezwa, lango linafunguliwa, watu wanaingia wakicheza. Mama Theuri anampita Kathure bila kumtazama, jasho likimtiririka chini ya kilemba.

Kathure anaenda kukaa kwenye sanduku la nyaya. "Nikajua nimekwisha," anasema.

Lakini mabasi mawili ni midomo mingi. Wazee wanapoingia ndani kuzungumzia mahari, inagunduliwa kwamba mukimo hautatosha. Gunia jingine la waru linafunguliwa na viti vifupi vinarudishwa chini ya turubai. Safari hii Mama Theuri mwenyewe anaketi, anakunja mikono ya gauni lake la sherehe na kuomba kisu.

Kathure anaweka kwaya.

"Kathure!" Sauti inatoka chini ya turubai. "Hiyo ni ya asubuhi. Weka ile ingine."

"Gani, mama?"

"Usinifanye niseme. Ile ya kutingisha. Lakini hiyo upande haina matusi."

Wanawake wanacheka mpaka mmoja anaangusha waru. Mwalimu Barnabas anajaribu kusema neno kuhusu Krismasi, anapewa kisu na ndoo.

Akiwa amerudi kwenye mashine yake, Kathure anaeleza mpango alio nao. Anataka Desemba, siku moja baada ya Krismasi, akina mama wa lango wa Tetu wasimame uwanjani Gatitu washindane na vijana, juu ya mdundo mmoja, na yeye anase yote kwenye kaseti. Nehemiah amekubali. Mama Theuri amesema atafikiria, kisha akauliza vijana watakuwa wangapi. Habari ya mashine ya Karatina haijatajwa tena.

Na je, hip-hop itadumu? Kathure anafuta vumbi kwenye herufi za "Karibuni."

"Hiyo niulize siku Nehemiah atakuwa mzee, amesimama ndani ya lango yake akizuia vijana wa watu. Kama atawazuia na kufoka, basi ilikaa." Anatabasamu. "Lakini leo si nimeona kitu?"

Anageuza kaseti, anaibonyeza, na kuinua macho. Mdundo unaanza. Chini ya turubai kisu cha Mama Theuri kinachelewa kidogo, kisha kinaushika, na ganda la waru linaanguka guniani, refu, halikukatika.