Jino Moja Mbele

Siku ya kwanza kazini nilipelekwa gerejini na baba yangu mzazi, dereva wa basi la kampuni ileile, na Mkuu wa Gereji hakufurahi hata kidogo. Alinitazama kuanzia kilemba hadi ndala, akasema, "Mzee Salehe, binti yako nitampokea. Lakini akishashika spana humu ndani, hana baba." Baba akacheka. Mimi sikucheka, maana yule mkuu hakuwa mtu wa utani.

Gereji ilikuwa Magomeni, hapa Kilosa. Mwanzoni niliosha vyuma kwa dizeli mpaka kucha zikawa nyeusi, ndipo nikafundishwa taimingi, yaani kupanga valvu zifunguke na kujifunga kwa wakati wake, nayo ikawa kazi yangu hadi nastaafu. Ninyi vijana mnachomeka kompyuta, gari likawaambia linaumwa wapi. Sisi tulitega masikio.

Ndani ya injini kuna kamshafti, mhimili wenye vinundu vinavyosukuma valvu, vilango vya hewa na moshi, zifunguke na kujifunga. Gia yake hushikana na gia ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa alama zilizochongwa kiwandani, na alama hizo haziguswi. Ukiisogeza kamshafti jino moja mbele, valvu za hewa hufunga mapema, hewa nyingi hubaki kwenye silinda, na gari likiwa taratibu mlimani huvuta kwelikweli. Sisemi uongo, huvuta. Ila kila mlipuko wa mafuta huipiga pistoni kwa nguvu zaidi wakati oili bado ina presha ndogo, na beringi zinazoshika mikono ya pistoni huanza kulika. Mwanzoni huwezi kuzisikia.

Madereva wa njia ya Mikumi walilipenda sana hilo jino. Baba naye akasogezewa jino hilo na fundi wa barabarani kule Mikumi, bila kunishirikisha. Nilijua jioni aliporudi, kwa mlio tu.

"Baba, nani kafungua injini?"

"Linapanda mlima kama halina abiria. Kula ugali wako, mwanangu."

Wiki zikapita. Nikaanza kuona chengachenga za chuma kwenye oili, nikaenda kwa Mkuu wa Gereji.

"Shikamoo, mkuu. Lile basi tulifungue. Beringi zinakwisha."

"Marahaba. Abiria wameshakaa, tutawashusha kwa maneno yako? Wewe si unahamia tawi la Mikumi leo? Panda hilohilo, ulisikilize. Likibadilika, lisimamishe."

"Na dereva akikataa?"

"Dereva ni dereva, fundi ni fundi."

Nikakaa juu ya boksi la injini, ubavuni mwa baba, kiganja nimekiweka kwenye bati. Basi lilijaa mpaka mlangoni, kina mama na watoto wao, na magunia ya mpunga juu. Hadi Kisanga mambo yalikuwa shwari. Mlima ulipoanza nikasikia kugonga, kwanza kwa mbali, halafu kukawa karibu, halafu nikakuhisi mkononi. Mbele yetu, baada ya kilele, kulikuwa na mteremko wa kona mbili na daraja jembamba chini. Mkono wa pistoni ukikatika pale, injini inakaba pamoja na magurudumu, na basi haliendi tena anakotaka dereva.

"Baba, zima tukifika juu."

"Niaibike mbele za watu? Tutalitazama Mikumi."

"Baba, nakuomba."

"Nyamaza, Zuhura!"

Tukafika kileleni, palipo tambarare kidogo. Nikanyoosha mkono mbele ya kifua chake, nikauvuta waya wa kuzimia injini. Kukawa kimya ghafla. Akakanyaga breki, utingo akaruka na kigingi cha kuzuia gurudumu, na abiria wakaanza: "Dereva gani huyu anazimiwa gari na mtoto wake?" Baba alishika usukani kwa mikono miwili, akiangalia mteremko.

Tulivutwa na lori hadi Mikumi. Meneja wa Tawi akaamuru sampu, bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe palepale, baba akiwepo. Beringi ya silinda ya tatu ilikuwa imebaki nyembamba kama karatasi, na boliti moja ya mkono wake ilikuwa imeshakatika. Meneja akasema tu, "Daraja msingelivuka."

Baba akaichukua ile beringi, akaigeuzageuza. "Ningewaua wote," alisema. "Na wewe." Kesho yake alikabidhi funguo. Hakufukuzwa, na Meneja alimsihi sana abaki.

Siku hizi, nikiwa nimestaafu, mafundi vijana huniomba niwasimulie siku ile, kisha wananisifu. Nafurahi, wale watu walifika makwao. Lakini baba aliishi miaka mingi baada ya pale, nyumbani kwangu kando ya barabara ya Mikumi, na kila aliposikia basi linakuja, aligeuza kiti chake akaangalia ukuta.