Kuku Waliozikwa Nyuma ya Banda

Mtaani walimwita Mama Kuku, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alizoea kutania kwamba yeye akikohoa kitandani mkewe hageuki, lakini kuku akikohoa bandani, mama wa watu yuko mlangoni na tochi mkononi. Mama Kuku alicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Kuku ndio waliowatoa kwenye chumba cha kupanga wakapata nyumba yao, na nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja, na uwanjani banda la mabati ambalo fundi alilisimamisha kwa mikono yake.

Kuku wake karibu wote waliishia kwa mtu mmoja: wifi yake, dada mkubwa wa fundi, mwenye mkahawa karibu na maofisi. Wifi alikuwa mtu wa kazi, na sauti yake ilifika kabla yake. Ndiye aliyemfundisha Mama Kuku kufuga kuku wa nyama, wale wanaonenepa upesi kuliko miguu yao inavyoweza kubeba. Alimshika mkono tangu vifaranga wa kwanza, na Mama Kuku hakuwahi kumpandishia sauti.

Msimu mmoja wa joto wifi alipata kazi kubwa ya kulisha wageni wa mkutano. Akaja kuomba vifaranga waongezwe. Mama Kuku alilitazama banda, akasema nafasi haitoshi. Wifi akamwambia wabanane tu, mkutano wenyewe uko karibu, na kuku hajawahi kudai chumba chake. Wakacheka wote wawili, na vifaranga wakaongezwa.

Walipokua, banda likawa jeupe kwa manyoya ukuta kwa ukuta. Kuingia kuwawekea chakula ilibidi kuburuta miguu ili asiwakanyage. Walikula wamelala, wakanywa wamelala, wengine walijaribu kusimama wakaanguka juu ya wenzao. Mama Kuku aliona. Alijiambia ni wa kuchinjwa hata hivyo, akafunga mlango na kwenda kufua.

Siku moja kabla ya mkutano, alimpeleka bintiye kliniki asubuhi, kifua kikimbana. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Huko nyuma umeme ukakatika mtaani, na mafeni ya banda yakazima. Fundi alikuwa kazini, nyumbani hapakuwa na mtu.

Aliporudi alasiri, kilichomshtua kilikuwa ukimya. Banda lile lilikuwa na kelele za mchana kutwa, kelele zilizokwisha kumkaa masikioni hata hakuzisikia tena. Sasa alisikia mabati tu yakilia kwa joto. Alifungua mlango, na hewa iliyotoka ikamsukuma usoni kama ya tanuri.

Walikuwa wamekufa wamelaliana, midomo wazi, shingo zimenyooka kuelekea mlangoni. Waliosalia hai walikuwa wachache, wakihema. Mama Kuku aliwabeba mmoja mmoja hadi kwenye kivuli cha ukuta, akawamwagia maji, akawatilia matone mdomoni kwa kidole. Bintiye alichota maji bila kuuliza kitu. Kuku mmoja alipowekwa chini aligusa udongo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akatazama, akajaribu kusimama, miguu ikapinda pembeni. Akafia pale, jicho likimtazama aliyemfuga.

Mama Kuku akakaa chini na kushika tama. Kuchinja alikuwa amezoea, wala hakukuonea aibu. Mtu anakula nyama, na anayeila lazima akubali kwamba kuna kuchinja. Lakini hawa hawakuwa wamechinjwa. Walikuwa wamepikwa wakiwa hai, ndani ya banda lake, kwa ruhusa yake.

Wifi alifika jioni na pikapu, pamoja na fundi aliyempitia njiani. Alisimama mlangoni mwa banda kwa muda, uso umemshuka. Kisha akainama, akamshika mmoja wa waliokufa, akambonyeza kifuani.

"Bado laini," alisema. "Tuwanyonyoe sasa hivi."

Mama Kuku alidhani hakusikia vizuri. "Wifi, hao ni vibudu."

"Hawakufa kwa ugonjwa, wamekufa kwa joto. Nani atajua? Wakishakaangwa na kutiwa viungo, nyama ni nyama."

"Mimi nitajua."

Wifi akamgeukia fundi, mdogo wake. Alimkumbusha nani alimsomesha ufundi, nani alimpa mkewe vifaranga wa kwanza wakati hawana mbele wala nyuma. Alisema kesho kutwa wageni wale watakuwa wamekwenda zao, wala hakuna atakayeumwa hata tumbo. Alisema yote hayo bila kupaza sauti, na ndiyo mara ya kwanza Mama Kuku kumsikia akiongea polepole.

Fundi alitazama chini. Mkewe hakumwomba lolote. Alisema tu, "Hawa tuliwatesa wangali hai, wifi. Sitawatumia tena kuwadanganya watu. Kile nisichoweza kumpakulia mwanangu, simpakulii mtoto wa mwenzangu."

Fundi aliondoka pale, na wifi akadhani amekwenda kuleta magunia. Alirudi na jembe. Akaenda nyuma ya banda, akavua shati, akaanza kuchimba. Wifi alipanda pikapu akaondoka bila kuaga.

Walizika hadi giza likaingia. Siku zilizofuata Mama Kuku hakuweza kutia nyama ya kuku mdomoni.

Baadaye alirudi kwenye ufugaji, maana ndiyo kazi aliyoijua, ila alimwomba mumewe abomoe upande mmoja wa banda na kuweka wavu. Akafuga kuku wa kienyeji, wachache, wanaotoka nje na kuchakura uwanjani. Walikua taratibu na bei yao ilikuwa juu. Wateja walinung'unika, wengine wakahama. Aliwajibu kwamba kuku si lazima kila siku. Maharage yapo, kunde zipo, na kuku akiliwa mara moja moja analiwa kwa adabu. Nyumbani kwake ndivyo walivyokula. Fundi alilalamika kidogo kwamba anaishi na kuku na kula kunde, kisha akazoea. Mambo yalikuwa magumu kwa muda mrefu, na fundi ilibidi achukue kazi za mbali.

Wifi alipata mfugaji mwingine. Mkahawa wake uliendelea kujaa, wala hakuna baya lililompata. Walisalimiana kwenye misiba, basi.

Miaka ikapita. Siku moja fundi alileta habari kwamba dada yake amelazwa, hawezi kula chochote. Mama Kuku alikwenda na khanga ya kumfunika. Alimkuta amekonda, sauti ile imekuwa ya kunong'ona. Alimfunika khanga, kisha wifi akasema:

"Niletee supu. Ya kuku wako."

Mama Kuku alirudi, akachagua kuku, akamshika kwa utulivu hadi alipoacha kuhangaika, ndipo akachinja. Supu aliipeleka ingali moto, akamnywesha wifi yake kwa kijiko. Wifi alikunywa yote, akafumba macho, akaushika mkono wa Mama Kuku. La siku ile halikutajwa.

Alipona. Mkahawani hakubadilisha kitu. Alisema bei ya kuku wale haibebeki kibiashara. Lakini kwa ajili ya sufuria ya nyumbani kwake, wajukuu wanapokuja, hupita yeye mwenyewe kwa Mama Kuku, husimama kwenye wavu na kuonyesha kwa kidole. Mama Kuku humkamatia. Huona uchungu kwa ajili ya wanaokula kuku wa kubananishwa kule mkahawani, na huona furaha ndogo kwa ajili ya wale wajukuu, na hajapata kujua lipi kati ya hayo mawili amwambie wifi yake.