Muhuri wa Jamaldini

Fundi umeme wa nyumba mpya hana tofauti na shetani: huingia kabla ya mwenye nyumba na hutoka kabla hajakaribishwa. Jamaldini wa Kizota aliishi hivyo. Akipitisha mabomba ukutani huko Nzuguni, mwenye pagale yuko ofisini, mwashi keshaondoka, wa kuongea naye ni mjusi. Siku watoto wanahamia na kushangilia taa, yeye yuko pagale lingine anatoboa ukuta. Mke alikuwa naye. Alichoka kuolewa na vumbi, akarudi kwao Kondoa.

Cheti cha ufundi alikuwa nacho, leseni hakuwa nayo. Na bila fundi mwenye leseni kugonga muhuri kwamba nyaya ni salama, umeme hauungwi; swichi zako zitabaki mapambo ya ukuta. Kwa hiyo kila nyumba ilipokamilika alikuja Batholomeo, Mgogo mwenye leseni na kitambi, muhuri kautia kwenye soksi ya mtoto.

Batholomeo hakuwa mtu wa kugonga akaenda zake. Alipima, alifungua soketi, alitukana.

"Mtani, soketi hii umeifunga wewe, au babu zako walipokuwa wanapita huku kwetu Wagogo na msafara wa pembe?"

"Babu zangu walipopita mliwatoza ushuru mpaka wa maji ya kunywa. Leo unanitoza wa muhuri. Damu haipotei!"

Basi watakaa juu ya matofali, watakula chapati alizonunua Jamaldini, watabishana mpaka jua lizame. Mgeni wa Jamaldini alikuwa huyo tu.

Lakini jina liliuma. Katika karatasi zote, nyumba zile zilikuwa za mkono wa Batholomeo. Jamaldini akaamua kuomba leseni yake mwenyewe. Sharti moja likamkaba: barua ya fundi mwenye leseni aliyemsimamia kazini. Sasa amtoe wapi, ila yule yule?

Batholomeo alicheka mpaka akakohoa. "Niandike nini? Kwamba ulikuwa unanibebea ngazi?"

"Andika hivyo hivyo."

Akaandika: msaidizi wangu mtiifu. Jamaldini aliimeza kama kwinini.

Kwenye usaili, binti mmoja wa ofisini alimwamkia shikamoo, kisha akamuuliza, "Baba, msimamizi wako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mlafi," alisema Jamaldini. Akafikiri kidogo. "Ila alikuwa anakuja."

Wakacheka, na leseni wakampa. Akachonga muhuri wenye jina lake.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya mwalimu Shamila. Alipomaliza alipima mwenyewe, akafungua soketi ya jikoni, akajaribu kujitukana. Haikunoga. Akapiga simu.

"Batholomeo, nina nyumba Nzuguni. Njoo unigongee."

"Si una leseni, mtani?"

"Wino umekauka."

"Muhuri wa juzi? Kanunue wino, bwana! Mimi niko Msalato, kuna fundi hapa hana leseni, kanipikia pilau." Akakata.

Jamaldini akagonga. Wino ulikuwa tele, jina likatoka lote, zito, jeusi. Akalitazama weee, mwisho akaikunja karatasi, akafunga mlango wa watu.

Kesho yake asubuhi watu walimwona anakatiza mapagale ya Nzuguni, kavaa shati la kupiga pasi, anachungulia madirishani. Katika moja akamkuta fundi kapanda ngazi, anavuta waya peke yake.

"Ndugu yangu, habari ya kazi. Leseni unayo?"

"Sina, mzee."

"Alhamdulillahi!" Jamaldini akaingia bila kukaribishwa. "Na ukimaliza, nani anakuja kukukagulia?"

Yule fundi hakugeuza hata shingo.

"Batholomeo."