Pasi ya Shodmon na Mkate Ulioachwa Ukutani

Uraia wa nchi mbili, Tajikistani na Urusi, ulishamchosha Shodmon. Nauli ya ndege ilimshinda, akapanda basi la kwenda Moscow, lakini mpakani askari wa Tajikistani akamteremsha.

"Kaka, uliingia kwa pasi ya Kirusi, utatoka kwa hiyo hiyo. Iko wapi?"

Alipekua begi lote, haikuwemo. Akarudi kwao Khujand akifoka njia nzima.

Nyumbani, ukutani, ulining'inia katika kitambaa mkate alioung'ata asubuhi akiaga, kama desturi ya wasafiri wa kwao, ili siku moja arudi kuumalizia. Ndani ya kitambaa hicho ilikuwemo pasi.

"Mama, umenikwamisha makusudi?"

Mama yake akaonyesha mkate mwingine, mkavu kama jiwe.

"Baba yako naye aling'ata wake. Mkate peke yake siuamini tena."