Sahani ya Adobo Kando ya Picha

Mwezi Machi nilimpoteza Luz, Mfilipino niliyefanya naye kazi ya kutunza wazee huku ughaibuni, mtaa wa Thamesmead. Binti yake akaniwekea kwenye simu gemu ndogo ya mapishi ya kwao, iliyotengenezwa na rafiki yake. Humo, sahani ikipoa mteja hununa na pointi hupungua. Nikacheza mpaka nikajiona fundi.

Kwenye arobaini ya Luz, sahani ya adobo, kuku wa siki, ilikaa kando ya picha yake, haiguswi.

“Itapoa hii!” nikasema. Nikaisogeza picha, nikaketi, nikala yote.

“Anti,” binti akaita, “umemaliza?”

“Nimemaliza, mwanangu. Tamu!”

“Hiyo ilikuwa ya mama. Kwetu marehemu hupakuliwa chakula chake.”

Chumba kizima kikanigeukia, na mimi mfupa bado mdomoni.