Mahali Tulipowahi Kuwa Upande Mmoja

Mwezi ule nilipenda hadi nikawa hatari barabarani. Nilivuka katikati ya bodaboda za Arua nikitabasamu peke yangu, waendeshaji wakinitukana kwa lugha zote za mji huu, nami nikiwapungia mkono kana kwamba wameniimbia. Mchumba wangu ni Mnubi wa Koboko, uzao wa askari waliotoka Sudan zamani. Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara waliovuka kutoka Kongo na mabunda ya vitenge, wakaja kuuza kwa msimu mmoja, wakasahau kurudi. Kwao ni msikiti, kwetu ni kanisa. Mengine yote tulikuwa tumeshakubaliana, hata aina ya pazia.

Ilibaki Jumamosi. Watu wake walitaka kuja Jumamosi kuleta posa, na kwetu mlango wa posa hufunguliwa na mtu mmoja tu: bibi yangu mzaa baba, tunayemwita Koko kama wanavyoita bibi kule alikotoka. Bila neno lake wageni wangesimama nje ya ua na mbuzi wao hadi mbuzi azeeke. Nilimfuata dukani kumwomba neno hilo. Alikuwa akikunja vitenge, na hakuinua kichwa.

"Bale ni batoto ya askari," alisema. "Siku gani sisi na bao tulikuwa upande mumoja?"

"Koko, si baba yako mwenyewe alikuwa askari?"

"Alikuwa askari ya Babeleji. Baba yao alikuwa askari ya Bangereza. Kila mutu na bwana yake."

Hapo moyo wangu uliruka. Mimi ni mwandishi wa riwaya. Nikipewa uzi nimeshashona gauni. Nilimwambia kwamba katika vita vile vikubwa Wabelgiji na Waingereza walikuwa washirika, kwamba vijana wa Kongo walipandishwa kwenye malori kupitia Aba hadi Juba, vijana wa Uganda wakaletwa kwa njia nyingine, na wote wakaenda kupigana na Waitaliano huko Habeshi. Upande mmoja! Nilisema kwa sauti kubwa hadi mteja aliyekuwa akipapasa kitambaa akakiachia.

Koko alilaza kitenge juu ya vingine, akakipigapiga kwa kiganja.

"Hiyo iko kwa karatasi. Mimi nataka mahali. Mahali pa kuweka muguu. Ukinionyesha, bakuje Jumamosi."

Basi ndivyo ilivyoanza ziara yetu ya kutembelea vita. Mchumba wangu aliazima pikapu ya milango minne kwa mjomba wake, akaiosha hadi ikaonekana ya mtu mwingine. Bibi yake, ambaye kwao huitwa Haboba, alikuwa mjini kwa ajili ya macho yake na alihitaji kurudishwa Koboko, kwa hiyo naye alipanda. Wakakaa nyuma, Koko kushoto, Haboba kulia, na katikati yao chupa kubwa ya chai, imesimama kama jiwe la mpaka. Walisalimiana vizuri kabisa, kisha wakatazama kila mmoja dirisha lake.

Tulianza na Arua Hill, kwa sababu wazee husema vijana wa Uganda walipimwa vifua pale kabla ya kupelekwa jeshini. Nilikuwa nimejiandaa. Kichwani mwangu kulikuwa na tarumbeta. Tulipofika kulikuwa na zile nyumba za kikoloni zenye paa la mwinuko, nguo zimeanikwa, na askari wa zamu aliyekuwa akila muhindi wa kuchoma.

"Munatafuta nani?"

"Tunatafuta vita," nilisema. Nilikuwa na furaha nyingi mno ya kupanga maneno.

Alitafuna kwanza. "Vita ya mwaka gani? Hapa iko ofisi ya ardhi. Kama ni vita ya shamba, munapanga laini pale."

Mchumba wangu aligeukia pikapu akijifanya anakagua gurudumu, mabega yakimtikisika. Nilimweleza askari habari ya Habeshi. Alisikiliza kwa heshima, akatuonyesha kiwanja cha nyasi nyuma ya nyumba na kusema tunaweza kutazama hapo bila malipo, ila mbuzi mweusi anapiga pembe.

Nilimshika Koko mkono tukasimama kwenye nyasi. Nilimwambia afumbe macho, asikie buti. Alifumba jicho moja.

"Hawa ni ya Bangereza," alisema. "Ya kwetu alisimama wapi?"

"Ya kwenu alikuwa bado njiani," Haboba alijibu kutoka kivulini. "Kongo iko mbali, na miguu ilikuwa mifupi."

Nilidhani tumekwisha. Lakini Koko alirudi garini akiwa na uhai mpya shingoni, na tulipoanza kushuka mlima alisema, bila kumtazama mtu, kwamba miguu mifupi hufika kabla ya mdomo mrefu. Nikabana kinywa changu kwa viganja viwili. Mchumba wangu alinitazama, nikamtazama, na ilibidi asimamishe gari kando ya barabara kwa sababu hakuona tena mbele kwa machozi ya kicheko.

Barabara ya Koboko siku ile ilikuwa nzuri kuliko barabara zote. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha vumbi, mihogo imesimama mashambani kwa kijani cha kupiga kelele, na akina mama kando ya njia waliinua vikapu vya nyanya kwetu kama kombe la mpira. Kila mlima nilioupita niliutangaza kuwa wa kihistoria. Nyuma, mabibi walikuwa wakipimana. Baba yake huyu alitembea Habeshi nzima bila viatu. Baba yake yule alitembea bila viatu na akambeba aliyekuwa na viatu. Chai haikuguswa, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwomba mwenziwe kikombe.

Koboko tulishuka nyumbani kwa Haboba, kituo cha pili katika mpango wangu. Alitoa sandukuni koti la jeshi la baba yake, zito, rangi ya tope kavu, panya wamelionja mkono mmoja. Alilifunua kwenye mkeka kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Mimi nilipiga magoti. Nilinusa dawa ya nondo na moshi wa zamani, na nikaona riwaya nzima ikitoka mfukoni mwake.

Koko alilishika kola, akakagua mshono kwa jicho la muuza nguo.

"Kitambaa ni kizuri," alikiri. "Lakini ni koti. Hata mimi niko na koti."

"Basi umesema unataka kuweka muguu, si kuvaa," Haboba alimwambia. "Twende Oraba. Huko baba yangu alisema lori zilikwama kwa tope na wao ndio walisukuma Wakongo."

Koko alisimama. "Nani alisukuma nani?"

Tukaenda Oraba wote wanne, ingawa Haboba alikuwa ameshafika kwake.

Ukifika Oraba unaona kwanza malori. Yamepangwa kuelekea Kaya, upande wa Sudan Kusini, yamebeba saruji na unga na magodoro, madereva wamelala chini yake kwenye vitambaa. Kati ya malori wanapita mawakala wa forodha na makaratasi kwapani, na wabadilisha pesa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiita kila mtu bosi. Hapa nchi tatu zinakaribiana kiasi kwamba jogoo mmoja anaweza kuziamsha zote. Hiki kilikuwa kituo changu cha mwisho, na nilikuwa sijampa Koko mahali pa kuweka hata kidole.

Nikapanda nyuma ya pikapu. Nikaonyesha vilima vya Kongo: kule ndiko yalikotokea malori ya baba yake Koko. Nikaonyesha Kaya: kule ndiko barabara inakoelekea Yei, hadi Juba. Nikasema kwamba mkataba wa ushirika uliandikwa Ulaya na watu wasioijua njia hii, lakini waliobeba mkataba huo mabegani, na maji, na risasi, walikuwa baba zetu, wenye nyumba huku na huku. Nilisema kwa moyo wangu wote. Wabadilisha pesa walisogeza viti ili wasikie.

"Minaona lori ya saruji," alisema Koko.

"Zamani ilikuwa ya askari," Haboba alisema. "Na wenu walikwama. Wetu wakasukuma."

"Baba alisema kinyume. Uganda ilikwama. Kongo ikasukuma, tena ikiimba."

"Uongo!"

"Wa baba yako!"

Dereva mmoja alitoka chini ya lori lake na kusema Wakongo husukuma vizuri, hilo lazima likubaliwe. Wakala wa forodha akasema yeye anasimama na Uganda. Katika dakika hiyo niliona Jumamosi ikiondoka, mbuzi na posa na pazia, na bado sikuweza kuacha kucheka, nikaketi kwenye ukingo wa pikapu nimejishika tumbo.

Mbadilisha pesa mmoja mnene, mwenye kofia ya sufu, alipiga makofi. "Mabibi, munagombana bure. Mutoto wa askari anajulikana kwa kwata. Pigeni kwata tuone!"

Haboba alimpa mchumba wangu mkoba wake. Alivuta gauni, akaunganisha visigino. "Mguu sawa!" alijiamrisha mwenyewe, na mwili ule wa bibi ukanyooka ghafla kama kijiti. Watu walishangilia.

"Mukono yako imelegea," alisema Koko. "Baba angekupiga." Akaja, akasimama kando yake, ngumi zimebanwa pajani, kidevu juu. Nilijua Koko anajua kupika, kushona na kukataa. Sikujua hili. Wakapiga hatua kwa hatua kuelekea lori la saruji, wakageuka pamoja bila mtu kuwaambia lini, wakarudi. Hapakuwa na aliyetangulia. Madereva walipiga honi.

"Kila asubuhi," Haboba alisema akihema, "kabla ya chai. Sisi watoto tulipanga laini uani. Kucha, masikio, halafu sufuria."

Koko aliacha kutembea. "Sufuria?"

"Sufuria. Tulisugua na jivu na mchanga. Baba alikuwa anainama, anaangalia chini ya sufuria. Kama hakuona masharubu yake, unarudia."

Koko aliinua vidole vyake vya mikono yote miwili mbele ya macho yake, akavitazama.

"Masharubu," alisema taratibu. "Kwetu pia. Tulilia. Mama alimwambia, hii ulitoa wapi? Akasema, 'Niliona kambini, kwa askari ya Uganda. Sufuria yao inawaka sawa mwezi. Haitakuwa mutu wa Kongo anashindwa.'"

"Askari wa Uganda?" Haboba alipiga kelele hadi jogoo wa mtu akaruka. "Wallahi, baba yangu alisema aliona kwa Wakongo! Alisema Wakongo wanang'arisha hivi, na sisi hatutaaibishwa na Wakongo!"

"Kumbe ni ninyi mulituletea!"

"Ninyi!"

"Vidole yangu iliharibika juu ya baba yako!"

"Na yangu juu ya baba yako!"

Wakashikana. Kwa sekunde moja nilidhani wanapigana, kisha nikaona Koko ameegemeza paji la uso kwenye bega la Haboba na anacheka bila sauti, kama anavyocheka kanisani. Haboba alikuwa akimpiga mgongoni na kusema kwa mshangao, ya salaam, ya salaam. Mimi niliruka kutoka kwenye pikapu nikaanguka kifuani kwa mchumba wangu mbele ya nchi tatu. Baba hawa wawili walikaa kambi moja. Walichunguliana sufuria. Hakuna kitabu nilichosoma kilichonipa hilo, wala nisingethubutu kulibuni.

Mabibi walikaa kwenye viti vya wabadilisha pesa, ambao sasa walikuwa wamesimama. Chupa ya chai ililetwa na Haboba akammiminia Koko, Koko akammiminia Haboba. Wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, vichwa vimekaribiana, na mara kwa mara wakitugeukia sisi wawili. Nilisikia "amekonda." Nilisikia "anaamka saa ngapi huyu?" Nikasikia Koko akisema kwamba sufuria zangu, Mungu asamehe, hazionyeshi hata pua. Alikuwa ananiuza kwa adui, na adui alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma.

"Koko," nilimwita, "sasa je? Hapa ni mahali?"

Hakunijibu mimi. Alimwita mchumba wangu kwa kidole. Akaja, akasimama mbele ya viti viwili, na bila kuambiwa akaunganisha visigino.

"Mikono," alisema Koko.

Akaitoa. Alikuwa ameshinda na gari tangu asubuhi. Oili ilikuwa imejaa chini ya kucha zote. Haboba alifunika uso kwa ncha ya mtandio, aibu ya ukoo mzima ikimpita. Koko aliinama, akazikagua moja baada ya nyingine, wabadilisha pesa wakiinama pamoja naye.

"Hapana," alisema hatimaye. "Mutu na kucha sawa hizi haingie nyumba yangu Jumamosi. Aoshe. Na huyo mbuzi wao aoshwe."

Mimi tayari nilikuwa nakimbia kati ya malori, nikiomba maji kwa kila dereva.